Msiniletee Mihuri

Dirishani pa tiketi kuna fito iliyochorwa mistari.
Mwanaesha, miaka kumi na minne, akaipita kichwa kizima:
"Huyu ni mtu mzima," akasema binti wa tiketi, "bei kamili."
Shee, aliyejinyoosha shingo wiki nzima,
akapita kwa nusu bei, akanuna.

Ukivuka daraja la Sabaki ndiko waliko ijenga,
Bustani ya Dunia Mduara: mataifa kumi na moja
ya mbao laini na rangi ya mafuta,
na jenereta inayokohoa nyuma ya Uchina.
Kila mtoto hupewa pasipoti ya karatasi,
kila nyumba hugonga muhuri.
Wadogo walikimbia. Wangu wawili
wakatafuta kivuli, na mahali pa kuchajia simu.

Nami nilikuwa nimejiandaa! Nimesoma usiku kucha.
"Watu wa Norwe," nikaanza, "wakati wa baridi…"
Mwanaesha akapiga mwayo
hata nikaliona jino la mwisho.

Nikanyamaza. Miaka ishirini ya cherehani imenifunza:
kitambaa kikikataa mkasi, usikaze mkono,
kigeuze kitambaa.

"Msiniletee mihuri," nikasema.
"Kila nyumba niibieni neno moja tu,
lile lililokwisha ingia kwetu bila kupiga hodi.
Mwenye mengi atachagua chakula cha mchana,
nami nitakula bila kuuliza."
Nikavua viatu, nikaketi kizingitini pa Norwe,
miguu kwenye ubaridi wa friji yao.

Shee akarudi mbio kutoka Meksiko:
"Shangazi, wao pia wanasema meza! Meza hii hii ya kulia!"
Mwanaesha hakukimbia; hakimbii mbele za watu;
ila alitembea upesi mno.
"Uchina chai ni cha. Wamekosa i tu.
Na ukutani kuna twiga amefungwa hatamu,
chini yake wameandika: kutoka Malindi.
Alifikaje? Alikula nini njiani?
Nani alimshika ile shingo mawimbi yakipanda?"

"Sijui," nikasema.
Wakanitazama kama mtu aliyevua kilemba.
Lile sijui liliwakaza kuliko yote niliyoyasoma.
Wakatoweka tena.

Mwitaliano wa aiskrimu alikuwa Kitsao, jirani yetu wa Maweni,
masharubu ya gundi yakimvuka jasho.
Shee akamwamkia Kigiriama; Kitsao akanong'ona,
"Mwanangu, nisitiri," akamwongezea kijiko.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa yetu.
Kamba nyekundu, taa ya manjano, na katikati
mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yamepakwa vanishi,
na kibao: *Kiti cha maombi.*
Mwanaesha akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Kando yake msichana mgeni, rika lake,
kaletwa kwa nguvu na shangazi yake naye,
alikuwa akikitazama kile kiti kwa heshima kubwa.

Sikumtuma. Aliinama chini ya kamba mwenyewe,
akaketi upande kama bibi yake,
akachukua nazi ya mapambo, akaigonga kwenye nguzo ya Waswahili,
ikapasuka vizuri, maji yakamwagika zuliani,
akaanza kukuna.
Filimbi ya askari ikalia. Askari akaja.
Akasimama. Akanyoosha kiganja, akapewa, akatafuna.

"Mbuzi," Mwanaesha akamwambia yule msichana,
akalia mee, ili ajue jina lina wenyewe wawili.

Shee ndiye aliyeshinda, kwa maneno tisa.
Tulikula chipsi na kachumbari, za kwetu,
nami sikuuliza.

Pasipoti zao ziko juu ya kabati,
hazina muhuri hata mmoja.
Ya Mwanaesha ina neno moja tu, kwa mwandiko usio wake,
herufi nisizozifahamu.
Nimemwomba maana yake mara tatu.
Anasema nikatafute mwenyewe.